Nguo za Mtoto Ndani ya Kochi la Afande

Kama hukunisoma gazetini wiki iliyopita, hujapitwa na sifa yangu hata moja, maana sina. Ulichokosa ni hiki tu: mimi ni fundi makochi, mke wangu yuko siku za mwisho za ujauzito, na mfuko wa nguo za mtoto wetu nimeukuta karakanani kwangu ukiwa mtupu.

Wale wanaonifuatilia tangu mwanzo wanajua nilivyofika hapo. Walikuwepo nilipoapa mbele ya majirani kwamba mtoto wangu hatavaa nguo iliyokwisha kuvaliwa. Walikuwepo nilipounda kitanda cha mtoto kikawa kikubwa kuliko mlango. Walikuwepo nilipoleta kigari cha kumsukumia, kizuri, cha rangi ya samawati, chenye magurudumu matatu kati ya manne yaliyotakiwa. Walinicheka wote, na haki yao.

Wakati mimi nafanya maonyesho, mke wangu alikuwa anafanya kazi. Shuka zetu za zamani alizikata winda za kumfunga mtoto, akazipinda kingo kwa sindano ya mkono. Kwa dada yake akapata fulana, kwa jirani akapata taulo na vigauni. Sweta lake mwenyewe, lile alilolipenda, alilifumua lote, uzi ule akafumia kofia na soksi. Akafua, akaanika juani, akapiga pasi pande zote mbili, akafunga kila kitu kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba. Dukani alinunua pamba na mafuta ya mtoto tu.

"Haya, bwana mkubwa," aliniambia. "Chumba kinavuja. Kauweke karakanani mahali pakavu. Hilo tu nakuomba."

Hilo tu. Nami nikauweka pakavu kweli. Niliuweka juu ya rundo la matambara yangu.

Hapa inabidi niwatolee siri ya kazi. Nikimwambia mteja kwamba mikono ya kochi lake nimeijaza sponji tupu, ni kweli kwa unene wa kidole kimoja. Chini ya hapo ni suruali kuukuu, mapazia na magunia. Mimi nakuita kulishibisha kochi. Likishashiba na kushonwa, hata daktari hajui.

Siku ile namalizia kochi la mteja wangu Afande, sponji iliniishia, na Afande alishapiga simu kwa ile sauti yake. Nikawa nachota chochote kilicho karibu, najaza, nashindilia kwa goti, huku napiga mluzi. Kamba ya mfuko nadhani niliifungua mwenyewe. Sina hata kibarua wa kumsingizia. Ni mikono yangu hii hii.

"Mfuko uko wapi?" mke wangu akaniuliza niliporudi nyumbani siku nilipoukuta mtupu, kochi likiwa limeshafika kwa Afande.

Mtu mwenye akili angesema ukweli pale pale, apigwe kelele, yaishe. Mimi nikasema, "Nimeuhifadhi kwa Afande. Karakanani kuna panya."

Na ukitazama kwa jicho moja, sikudanganya. Nguo zilikuwa kwa Afande.

"Afande yule mteja wako? Unampelekea mtu mzima winda za mtoto akutunzie?"

"Nyumba yake haina panya. Wanamwogopa."

Hakucheka. Mke wangu asipocheka kwa jambo la kuchekesha, ujue ameanza kukushtukia.

"Nisikilize," akasema. "Mama anafika kesho. Anataka nikajifungulie kwake, nikae huko mpaka mtoto apate nguvu. Nimemwambia hapana, mume wangu na mimi tumejiandaa. Nimeweza kusema hivyo kwa sababu ya ule mfuko, si kwa sababu ya kigari chako. Mama asipouona kwa macho yake, naondoka naye. Na sijui nitarudi lini."

"Atauona."

"Vizuri. Kesho tukitoka kliniki, mimi na yeye tutaupitia wenyewe kwa Afande. Ni njiani."

Jamani! Nikaitikia "sawa" kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Asubuhi, wao wakashika njia ya kliniki, mimi nikashika mkoba wa vifaa na kutimua mbio kwa Afande.

Afande ni askari mstaafu, anaishi peke yake. Tangu nimpelekee kochi lile hajalikalia hata mara moja. Amelifunika nailoni, ametandika vitambaa vya kufuma mgongoni mwake, na yeye mwenyewe anakaa kwenye kiti cha plastiki akilitazama.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Nimekuja kukagua kochi. Ni utaratibu wetu mpya. Tunafuatilia mali hata baada ya kuiuza."

"Nyinyi kina nani?"

"Mimi."

Akanipima kuanzia kandambili hadi kichwani. "Fundi, nimekula mshahara wa serikali mpaka nikaota mvi. Mtu akirudi mahali bila kuitwa, kuna kitu amesahau au kuna kitu ameiba."

"Afande una utani."

"Sina."

Ni kweli, hana. Lakini alinifungulia mlango, nikaingia, nikapiga magoti mbele ya kochi kwa uso wa kitaalamu.

"Huu mkono wa kulia," nikasema, "nahisi springi imelegea."

"Kwani mikononi kuna springi?"

Hakuna. Tangu makochi yaanze kutengenezwa, hakuna fundi aliyetia springi kwenye mkono wa kochi.

"Hili ni toleo maalumu," nikajibu.

Afande akaifunua nailoni taratibu, akabonyeza ule mkono kwa kiganja. Ukaingia, ukarudi. Akabonyeza tena, safari hii kwa mapenzi. "Mzima huu. Umejaa vizuri. Ni sponji tupu, au sivyo?"

"Tupu kabisa, Afande."

"Basi usiuguse."

Nikabadili mbinu. Nikamwambia zile pini za chini ya mkono ni za aina mbaya, zinaweza kumchania suruali. Hapo akalegea. Suruali zake anazipiga pasi mwenyewe, na ule mstari wa mbele unaweza kukatia mkate.

"Zing'oe, uweke nyingine," akasema. "Mimi nasimama hapa."

Akasimama kweli. Nikawa nang'oa pini, naye yuko juu ya kichwa changu. Nikijifanya natafuta koleo, naye anainama kunitafutia. Jasho lilinitoka mpaka nikaogopa litadondoka kwenye kitambaa nikadaiwa. Dakika zinakwenda, kliniki si mbali, na mama mkwe wangu si mwanamke wa kukubali kupanga foleni.

Mungu si Athumani. Birika likaanza kupiga kelele jikoni, Afande akaenda kuliepua.

Nikalala chali sakafuni, nikapenyeza mkono kwenye ule mwanya wa chini hadi kwenye kiwiko. Nikapapasa. Gunia. Pazia. Kisha vidole vikagusa kitu laini kilichofumwa. Kofia! Nilitamani kuibusu palepale ilipo.

Nikavuta. Haikuja. Nikavuta tena. Nilikuwa nimeshindilia kwa goti, si mnakumbuka? Basi katika kazi zangu zote mbovu maishani, hii moja niliifanya kwa uhodari. Sasa mkono wangu wenyewe ukawa hautoki.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Sauti ya mama mkwe naijua hata nikiwa na homa.

Afande akawafungulia. Wakaingia, mama mkwe mbele na mkoba wake mkubwa, mke wangu nyuma, amechoka, uso umemvimba. Wakanikuta niko chini, mkono mmoja umeliwa na kochi.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa vilevile.

"Marahaba, baba. Umepoteza nini humo?"

"Nipo kazini, mama."

Mke wangu hakungoja kukaribishwa. Alijiachia juu ya kochi. Afande akafungua mdomo, akamwona alivyo, akaufunga. Uzito ule ukanibana mpaka nikaona nyota, nikajinasua kwa nguvu zangu zote, mkono ukatoka mtupu na mchubuko juu.

"Ahsante sana, Afande, kwa kututunzia," mke wangu akasema. "Tumekuja kuuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Mfuko wa nguo za mtoto. Mume wangu aliuleta hapa."

Afande akanigeukia. Mama mkwe akanigeukia. Mke wangu hakugeuka. Aliinamisha kichwa tu, na hilo ndilo lililoniuma.

"Afande ana mambo mengi," nikasema. "Huenda kasahau."

"Mimi sisahau," akasema Afande.

"Mume wangu," mke wangu akaanza, polepole, "ule mfuko uko..." Akakatiza. Akashika ukingo wa kochi kwa mikono miwili. "Mama. Mama, maji."

Nikainuka mbio kumletea glasi. Mama mkwe akanidaka shati.

"Si ya kunywa, wewe!"

Sote tukatazama kochi. Lile kochi la Afande, ambalo mwenyewe alikuwa hajathubutu kulikalia, lilikuwa limelowa mpaka chini.

Afande akasema, "Kochi la..." Hakumalizia. Alijinyoosha kama yuko gwaride. "Natafuta gari," akatangaza, akatoka mbio, na mtu wa umri ule sikudhani anaweza mbio zile.

Mama mkwe akamtazama binti yake, akamgusa tumbo, akatikisa kichwa. "Gari litakuta mambo yameisha. Huyu ana haraka." Akavua saa, akakunja mikono ya blauzi. "Shuka safi, kachukue chumbani kwa huyo mzee. Maji ya moto yale ya jikoni. Nimeshawapokea wajukuu wengine mimi, msinitolee macho. Haya, na ule mfuko. Mtoto havishwi hewa. Uko wapi?"

Shuka nilileta. Maji nilileta.

"Mfuko, baba!"

"Mama, mfuko ni kwamba..."

"Mficha uchi hazai. Sema!"

Nikamtazama mke wangu. Jasho linamchuruzika, amebana meno, na bado alikuwa ananingoja niseme kitu cha maana. Niliona haya. Si zile haya zangu za kawaida za kuchekesha watu, ni zile za kweli. Nikachukua mkasi wangu mkubwa, nikauchoma mkono wa kochi, nikaupasua kutoka juu mpaka chini.

Ikatoka sponji kwanza, kile kipande chembamba. Halafu likatoka gunia. Halafu suruali yangu ya zamani, ile yenye kiraka. Halafu pazia. Halafu, moja baada ya nyingine, zikaanza kutoka winda za mtoto.

Mke wangu akazitazama. Nikavuta taulo. Nikavuta fulana. Nilipovuta kofia, akainua shingo.

"Hiyo... ni kofia ya mwanangu?"

"Ndiyo."

"Ndani ya kochi?"

"Ndiyo, mke wangu."

Alikuwa na jambo kubwa la kusema, niliona likija. Uchungu ukamwahi, akapiga ukelele ambao nusu yake naamini ulikuwa wa uzazi, na nusu ulikuwa wangu mimi.

"Toka nje!" mama mkwe akaniamuru.

Nikatoka na nguo za mtoto kifuani. Nikakaa barazani nikizikung'uta moja moja. Nyuzi, vumbi, chembe za sponji. Kila soksi niliigeuza ndani nje. Nilikuwa nazitazama zile kingo alizopinda kwa mkono, mshono mdogo mdogo, umenyooka, na mimi ndiye ninayejiita fundi. Nikamwomba Mungu awatoe salama wote wawili, kisha mimi anifanye anavyotaka.

Ndipo nikasikia sauti ndogo, ya hasira, ya mtu ambaye hajaridhika na alikofikia.

Nililia. Sitaki kuwaficha. Nililia mpaka mama mkwe alipofungua mlango akanikuta nimejifuta kwa winda.

"Wa kike," akasema. "Mama yake mzima. Lete hizo nguo." Akazipokea, akanusa. "Zinanuka gundi." Lakini alichagua zenye nafuu, akarudi ndani nazo.

Gari likafika. Afande akashuka kabla halijasimama, akaingia sebuleni na mimi nyuma yake. Mke wangu alikuwa amelala chini kwenye mashuka, kichwa juu ya mto, amejifunika. Mama mkwe alikuwa na mtoto mikononi, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Afande akawaangalia, uso ukalainika. Kisha akaona kochi.

Akainama. Akaokota suruali yangu kwa vidole viwili.

"Fundi. Sponji tupu?"

"Afande, mimi..."

"Nyamaza. Kwanza hospitali. Mimi na wewe baadaye." Akaiweka suruali chini. "Hongera," akaongeza, kwa sauti ya kusoma hukumu.

Tukataka kumwinua mke wangu. Akakataa.

"Ngojeni."

Alisema kwa sauti ya chini, na sote tukangoja.

"Mama anataka kujua nikitoka hospitali naelekea wapi. Hata mimi nataka kujua." Akanitazama. "Mume wangu, sina hasira na matambara. Mimi mwenyewe nimemkatia mtoto winda kwenye shuka zilizochoka, na sioni aibu. Hatuna kitu, ndiyo, lakini nilikuwa najua tulicho nacho kiko wapi. Wewe ukanitazama usoni ukaniambia umehifadhi. Nikaenda kumtunishia mama yangu kifua kwamba nina mume."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutafuta uongo.

"Nakuuliza swali moja, hapa mbele ya mama. Ukinijibu kweli, narudi nyumbani kwetu na mtoto wangu, na pavuje tu. Ukinidanganya, naenda kwa mama, na usinifuate. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kuna kochi jingine ulilolijaza hivi, ambalo mimi nalijua?"

Rahisi, utasema. Jibu ndiyo, umrudishe mkeo, gazeti liandike mengine. Lakini ndugu msomaji, kuna jambo ambalo hata wewe sijawahi kukwambia. Sebuleni kwa mama mkwe wangu kuna kochi. Nilimtengenezea mwaka niliooa, zawadi, bila kuombwa. Kila mgeni anayeingia pale anaambiwa: mkwe wangu ana maneno mengi, lakini kochi hili alinitengenezea kwa moyo. Katika mambo yangu yote, hilo ndilo pekee analonisifia. Na katika mikono ya kochi lile, hata kile kidole kimoja cha sponji hakimo.

Sikukusudia kumtazama. Macho yalikwenda yenyewe.

Mama mkwe alikuwa anamfunga mtoto taulo, anatabasamu, na tabasamu lile nilikuwa sijaliona tangu nimjue. Akainua uso, akakutana na wangu. Tabasamu likaanza kupungua kidogo kidogo. Si mjinga yule mama.

"Mbona unanitazama mimi?" akauliza.

Nje dereva akapiga honi. Hakuna aliyesogea. Mke wangu alikuwa amenikazia macho, anangoja.

"Mama," nikasema, "naomba ukae kwanza."

Akaligeukia kochi la Afande, lililolowa, mkono umepasuliwa na matumbo yamemwagika sakafuni.

"Nikae wapi?" akauliza.